Deki ya CD: mali iko kwenye sahani, hasara iko kwenye lenzi

ANAYEINGIA Kariakoo siku hizi kutafuta chombo cha muziki cha nyumbani huonyeshwa kwanza sabufa yenye tundu la flashi. Akitaka deki ya CD, mwenye duka hutabasamu na kumwelekeza uchochoroni, kwa mafundi na wauzaji wa vitu vilivyotumika. Huko ndiko soko la chombo hiki lilikohamia, na huko ndiko wapenzi wengi wa muziki wanakopoteza fedha bila sababu.

Safu hii ilizungumza na wamiliki kadhaa wa deki za CD jijini Dar es Salaam, wengine wakiwa nazo tangu miaka ya 1990, wengine wakiwa wamezinunua zikiwa zimetumika. Swali lilikuwa moja: je, chombo hiki bado kinalipa? Jibu ni kwamba kinalipa, lakini kwa yule tu anayejua kutenganisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya, yaani deki na sahani. Asiyevitenganisha hulipia ugonjwa wa kimoja kwa kukitibu kingine.

Mafundi wawili, mgonjwa mmoja asiyeumwa

Mstaafu mmoja wa bandari, mkazi wa Magomeni, alinunua deki yake mwishoni mwa miaka ya 1990. "Kaseti nilikuwa nazo tele, mwanangu, lakini redio ilikuwa inakula mkanda," anasema. "Nilipopata CD nikajua hapo nimemaliza kazi."

Katika CD zake iko moja anayoithamini kuliko zote. Ni muziki wa harusi ya ndugu yao, ambapo marehemu kaka yake alipiga gitaa la solo. Harusi hiyo ilirekodiwa kwenye kaseti, na mwaka 2006 mzee aliipeleka kwenye kibanda cha kuchoma CD ili ihamishwe. Kazi ilipokwisha, kaseti ikatupwa. Hakukuwa na sababu ya kuitunza, kwani CD ilisemwa kuwa haiozi.

Miaka michache iliyopita CD hiyo ilianza kukwama. Mzee akamwita fundi, na fundi akabadilisha lenzi ya deki. Zikapigwa nyimbo mbili, ya tatu ikaganda. Akaitwa fundi wa pili, ikawekwa lenzi ya pili, na mambo yakabaki vilevile. Mpaka hapo hakuna mtu aliyekuwa amejaribu CD nyingine. Mjukuu wake ndiye aliyechukua CD ya kiwandani iliyokuwa kabatini, akaiweka kwenye deki ileile, nayo ikapiga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Deki ilikuwa nzima siku zote. Mgonjwa alikuwa sahani.

Kwa lugha ya biashara, mzee alilipia lenzi mbili na ufundi mara mbili kutengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Hasara hiyo ingeepukwa kwa jaribio la dakika tano.

CD zote si ndugu

Kwa macho, CD ya kiwandani na CD ya kuchomwa hufanana: zote zina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Ndani ni vitu tofauti kabisa. CD ya kiwandani hupigwa chapa ya vishimo vidogo sana kwenye plastiki, kisha hupakwa utando wa madini unaong'aa, mara nyingi alumini. Vishimo hivyo hujipanga kwenye mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda pembeni, na ukinyooshwa mstari huo una urefu wa takriban kilomita 5. CD ya kuchomwa haina vishimo. Ina rangi ambayo leza ya kompyuta huibadilisha kwa joto. Rangi hiyo huathiriwa na jua, joto na miaka. Ndiyo maana CD iliyochomwa mwaka 2006 na kuachwa karibu na dirisha inaweza kufa wakati CD ya kiwandani yenye umri wa miaka 30 bado inaimba.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulielewa kinyume. Mtu akishika CD iliyotumika hugeuza upande unaong'aa na kutafuta mikwaruzo. Anafanya vema, lakini upande wa hatari zaidi ni ule wenye maandishi. Utando unaobeba muziki uko chini tu ya rangi ya maandishi, ukilindwa na tabaka jembamba. Upande unaong'aa umekingwa na zaidi ya milimita moja ya plastiki, na mikwaruzo yake midogo mara nyingi hupigika au husuguliwa ikatoka. Mkwaruzo uliochimba upande wa maandishi hauna dawa. Inua CD kwenye mwanga: ukiona vitundu vinavyopitisha nuru, bei ishuke au muache muuzaji na mali yake.

Hata kufuta vumbi kuna kanuni. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Deki imepewa uwezo wa kuziba pengo la hadi takriban milimita mbili na nusu kwenye mstari wa muziki. Mkwaruzo unaokatiza mstari huacha pengo dogo, na deki hulivuka. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hula sehemu ndefu ya mstari uleule, na hapo wimbo huruka.

Bei iliyoanguka kwa asilimia 70

Historia ya bei ya chombo hiki ina somo kwa mfanyabiashara yeyote wa vifaa vya umeme. Deki ya kwanza kuuzwa madukani, CDP-101 ya Sony, iliingia sokoni nchini Japani tarehe 1 Oktoba 1982 kwa bei ya yen 168,000. Teknolojia yenyewe ilibuniwa na Sony pamoja na Philips ya Uholanzi. Miaka miwili tu baadaye, Novemba 1984, Sony hiyohiyo ilitoa D-50, deki ndogo ya kubebeka, kwa yen 49,800. Punguzo hilo ni la asilimia 70. Mwenye duka aliyekuwa amejaza ghala kwa deki za bei ya kwanza alijikuta amekalia hasara.

Kwetu CD ilikuja taratibu. Miaka ya 1990, biashara ilipokwisha kufunguliwa, deki ziliingia pamoja na redio za CD tatu, lakini albamu nyingi za bendi na taarabu ziliendelea kutoka kwenye kaseti. Mpenzi wa muziki wa nyumbani alijikuta katika hali ya ajabu, kwani baadhi ya CD bora za muziki wake zilitoka Ulaya. Albamu ya Remmy Ongala iitwayo Songs for the Poor Man ilitolewa mwaka 1989 na Real World ya Uingereza. Mfululizo wa Zanzibara, wenye taarabu na muziki mwingine wa pwani, ulianza kutolewa na Buda Musique ya Ufaransa miaka ya 2000. Waliokuwa nazo walizipata kwa ndugu waliosafiri.

Ndipo ikaja CD ya kuchomwa, ikafuata VCD, kisha DVD na flashi. Bei ya muziki ikaanguka kama ilivyoanguka bei ya deki, na sebule nyingi zikaondoa deki na kuweka sabufa.

Kwa nini basi wengine wameibakiza? Mama mmoja mwenye duka la vitenge Mtaa wa Uhuru alitoa jibu fupi: "CD haili bando." Anaweka moja asubuhi, anapiga taarabu hadi mchana, haikatizwi na tangazo wala simu inayoingia. Kijana mmoja wa Sinza, muuguzi kwa kazi, anataja sauti. CD hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, kila upande wa stereo, bila kubanwa. Nyimbo nyingi zinazotembea kwenye flashi zimebanwa ili zichukue nafasi ndogo, na zilizobanwa kupita kiasi hupoteza sauti za juu. "Matoazi kwenye flashi yangu yalikuwa yanasikika kama mchanga," anasema. "Nilipoweka CD nikasikia kumbe yanalia."

Skrubu moja, wiki tatu

Mwandishi wa safu hii naye ameonja soko hilo. Alinunua deki iliyotumika katika kibanda kimoja jijini baada ya kuijaribu kwa wimbo mmoja. Ilipiga vizuri, muuzaji akaifunga kwenye gazeti, na biashara ikaisha kwa kupeana mikono. Baada ya wiki tatu ikaanza kutafuta CD kwa muda mrefu, kisha ikaandika kwamba hakuna CD ndani.

Fundi mwingine aliyeifungua alionyesha kilichofanyika. Kwenye lenzi nyingi kuna skrubu ndogo ya kurekebisha nguvu ya leza. Lenzi ikichoka, fundi asiye mwaminifu huizungusha kidogo kwa bisibisi, leza ikapata nguvu na deki ikapiga kama mpya. Lakini leza inayosukumwa hivyo huisha haraka. Muuzaji hakuwa ametengeneza kitu. Alikuwa amekopa siku chache kutoka kwenye uhai uliobaki wa lenzi, na deni likalipwa na mnunuzi.

Hapa ndipo penye siri ya soko zima. Ganda la deki, transfoma na sehemu kubwa ya mitambo yake vinaweza kudumu miaka mingi. Mkanda wa mpira unaovuta trei hulegea kwa joto, lakini ni wa bei ndogo. Kinachoamua kama una mali au una boksi tupu ni lenzi, na hasa kama lenzi yake bado inapatikana. Deki nzuri ya bei kubwa ambayo lenzi yake haitengenezwi tena ni hatari kwa mfuko kuliko deki ya kawaida yenye lenzi iliyoenea. Mfano ni lenzi za jamii ya KSS-213 za Sony, ambazo zimetumika ndani ya deki na redio za makampuni mengi na hadi leo hutengenezwa nakala zake. Kabla ya kulipa, muombe fundi akusomee namba ya lenzi, kisha uliza bei ya spea hiyo kwa maduka mawili. Ikiwa hakuna mwenye nayo, umeshapata jibu lako.

Ukibadilisha lenzi, simama karibu na fundi. Lenzi mpya za aina nyingi huja na tone dogo la risasi ya kulehemu linalokinga leza dhidi ya umeme tuli. Tone hilo lazima liondolewe baada ya lenzi kufungwa. Fundi akilisahau, lenzi mpya haitawaka, na anaweza kukuambia spea uliyonunua ni mbovu.

Hesabu ya mwaka

Wengi hutazama bei ya dukani tu. Hesabu sahihi ni gharama ya kila mwaka wa matumizi. Tuchukue mfano wa kufundishia, usiwe ndiyo bei ya soko. Tuseme deki A inauzwa Sh. 150,000, itadumu miaka mitano, itabadilishwa lenzi mara moja kwa Sh. 45,000, na mwishoni utaiuza Sh. 30,000. Jumla ni Sh. 165,000, sawa na Sh. 33,000 kwa mwaka.

Tuseme deki B inauzwa Sh. 60,000, lenzi yake imepandishwa kwa bisibisi, na inakufa baada ya miezi minane bila spea wala mnunuzi. Hiyo ni Sh. 7,500 kwa mwezi, sawa na Sh. 90,000 kwa mwaka. Rahisi imekuwa ghali karibu mara tatu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nao hawakuwa na deki.

Vipimo kabla ya kutoa fedha

Kutokana na mazungumzo na wamiliki na mafundi, mnunuzi na mchuuzi wanashauriwa kufanya yafuatayo.

Kwanza, beba CD zako tatu: moja ya kiwandani iliyo safi na ndefu, zaidi ya dakika 70, moja ya kiwandani yenye mikwaruzo midogo, na moja ya kuchomwa. Deki inayopiga ya kwanza tu ina lenzi iliyochoka. Inayokataa ya tatu tu inaweza kuwa nzima, hasa kama ni ya zamani. Isipigwe chapa ya ubovu kwa sababu ya CD iliyojazwa faili za MP3 pia, kwani deki nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hazikuundwa kusoma faili hizo.

Pili, piga wimbo wa kwanza, kisha ruka hadi wa mwisho. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, ikianza na mizunguko takriban 500 kwa dakika na kupungua hadi takriban 200. Deki yenye reli iliyokauka grisi hupiga mwanzo na kushindwa mwisho.

Tatu, hesabu sekunde kuanzia trei inapofungwa hadi idadi ya nyimbo inapoonekana. Zikiwa chache ni vizuri. Ikihangaika, ikasimama na kuanza upya, usiendelee.

Nne, iache ipige saa nzima. Muuzaji mkweli hatakasirika, atakupa kiti.

Tano, soma volti nyuma ya deki. Deki zilizotumika kutoka Japani hutumia volti 100, na nyingi za Marekani volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka moja kwa moja utasikia harufu kabla ya kusikia muziki. Bei ya transfoma ya kupunguza umeme iongezwe kwenye bei ya deki kabla ya kulinganisha.

Sita, kama hutaki mambo ya vitu vya zamani, kumbuka kwamba deki za DVD kwa kawaida hupiga CD pia. Kasoro yake ni kwamba nyingi hazionyeshi orodha ya nyimbo bila kuwasha televisheni.

Je, ni uwekezaji?

Wapo wanaosema CD zinarudi na kwamba anayekusanya sasa atavuna kesho. Takwimu za Marekani zinafaa kumtuliza mtu. Mwaka 2000 ziliuzwa huko CD za albamu takriban milioni 942. Mwaka 2020 zilifikia milioni 31.6. Mwaka 2021 zikapanda hadi milioni 46.6, na wengi wakashangilia, lakini mwaka 2022 zikashuka tena hadi takriban milioni 33, zikapitwa na santuri za zamani. Mwaka mmoja wa kupanda haukuwa mwelekeo wa soko.

Kwa hiyo deki isinunuliwe kwa matumaini ya kuuzwa kwa faida. Ni chombo cha kazi, na thamani yake hupungua kila inapozunguka. CD halisi, hasa za muziki wa nyumbani zilizotoka kwa idadi ndogo na hazichapwi tena, ni habari nyingine. Hizo hutafutwa, na mchuuzi mwenye macho huzitenga na rundo. Lakini soko lake ni dogo na wanunuzi wake wanafahamiana. Usiweke humo ada ya mtoto. Mfanyabiashara anayefikiria kuagiza deki zilizotumika afanye hesabu ya ushuru, VAT, usafiri na idadi ya zitakazofika zikiwa mbovu, kisha ajiulize kama ana fundi na spea. Anayeuza deki bila spea hawezi kumtegemea mteja huyo kurudi.

Wamiliki ambao hawajapata hasara ni wale waliofanya mambo ya kawaida: deki imefunikwa isipate vumbi, iko mbali na dirisha la upepo wa bahari, na CD zinarudi kwenye maganda yake. Zaidi ya hapo, kila CD ya kuchomwa yenye kitu kisichonunulika dukani imekwisha nakiliwa mahali pawili.

Mzee wa Magomeni amefanya hivyo sasa. Mjukuu aliipeleka CD ya harusi kwa mtu mwenye kompyuta, wakaisoma polepole, wakarudia mara nyingi. Kati ya nyimbo tisa zilipatikana nne. Ziko kwenye flashi moja kwake na nyingine kwa binti yake, Morogoro. Ule wimbo ambao kaka yake alipiga solo ndefu haumo katika hizo nne.

"Fedha ya lenzi mbili nimeshaisamehe," anasema. "Ila ile kaseti, mwanangu, niliitupa mwenyewe."

Msomaji mwenye CD za aina hiyo kabatini asingoje deki igome ndipo akumbuke. Gharama ya kunakili leo ni flashi moja na mchana mmoja.